Mlima Uliposhuka Katesh: Tutasimulia Nini?

Somo la kujifunza kwa vikundi vya Biblia, akina mama na vijana

Masomo ya kusoma kwanza: 2 Samweli 12:1-13, Luka 13:1-5, Mwanzo 2:15



Alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2023, siku ya Jumapili ya kwanza ya Majilio, baada ya mvua kubwa, sehemu ya ubavu wa Mlima Hanang ilimeguka. Tope, mawe na magogo vilishuka kwa nguvu mpaka vijijini na katika mji wa Katesh, wakati watu wengi walikuwa bado hawajaamka. Watu wasiopungua 89 walifariki. Wengine walijeruhiwa, na wengi walipoteza nyumba, mifugo, maduka na akiba ya chakula. Siku zile zile wakuu wa mataifa walikuwa wamekusanyika Dubai katika mkutano wa Umoja wa Mataifa juu ya tabianchi, na Rais Samia Suluhu Hassan aliyekuwa huko alikatiza safari yake akarudi nyumbani.

Tangu siku ile habari hii imesimuliwa mahali pengi: msibani, sokoni, ndani ya basi la kwenda Babati, na jioni watu wakiota moto. Kila msimuliaji huisimulia kwa namna yake, na kila namna huzaa matunda yake. Mtu aliyeambiwa kwamba waliokufa walikuwa na dhambi kubwa hataona sababu ya kuhama kandokando ya korongo, kwa maana yeye hujiona mwema. Mtu aliyeambiwa kwamba mambo haya ni ya wakubwa wa Dubai atakunja mikono. Mtoto aliyesimuliwa vizuri atakua akijua njia ya maji ni ipi na mahali pa kukimbilia ni wapi.

Kwa hiyo swali la somo letu ni hili: hadithi ina nguvu gani juu ya mioyo ya watu katika jambo hili la kubadilika kwa tabianchi, na sisi Wakristo wa Mbulu na Hanang yatupasa kusimulia hadithi ya namna gani?

1. NATHANI MBELE YA MFALME

Tuanze na Maandiko. Daudi alikuwa ametenda dhambi kubwa, tena alikuwa mfalme na mwamuzi wa watu. Kama Nathani angekuja na orodha ya makosa, yamkini Daudi angejitetea. Nathani alikuja na hadithi. Alimweleza habari za tajiri mwenye mifugo mingi, na maskini mwenye mwana-kondoo mmoja tu, aliyelelewa nyumbani pamoja na watoto na kula chakula cha bwana wake. Daudi alikuwa amechunga kondoo tangu ujana wake. Alimwona mwana-kondoo yule kwa macho ya moyo, akakasirika, akatoa hukumu. Ndipo Nathani alipomwonyesha kwamba mtu aliyehukumiwa ni yeye mwenyewe.

Tuangalie mambo matatu hapa. Kwanza, Nathani alichagua kitu ambacho msikilizaji wake anakijua. Pili, alimwingiza ndani ya hadithi kabla hajamwambia inamhusu nani. Tatu, hadithi haikuishia kwenye hasira wala machozi. Ilimfikisha Daudi kwenye toba.

Wazee wetu walilijua jambo hili. Wairaqw wanayo slufay, maombi marefu ya ushairi ambayo mzee huyatamka mbele ya mkutano, akiomba mvua, amani, mifugo na watoto, na watu wote huitikia kwa pamoja. Anayeitikia hawezi kubaki mtazamaji, maana ombi limekuwa lake. Tena wazee walisimulia habari za roho wa mito na chemchemi, ambao kwa Kiiraqw huitwa netlaamee, na aliyesikia hadithi hizo aliyaendea maji kwa hofu. Injili ilipokuja tuliacha kuwaogopa roho hao, na ilikuwa haki tuache. Lakini yatupasa tujiulize kwa unyofu: tuliweka hadithi gani mahali pake? Kama tulimwondoa mlinzi wa chemchemi tusiweke habari ya Mungu aliyemweka mwanadamu bustanini ailime na kuitunza, basi tuliiacha chemchemi bila mlinzi.

2. USHAHIDI WA MIAKA YA KARIBUNI

Wako watu wanaosema hadithi ni za watoto, na watu wazima waelezwe kwa tarakimu. Tarakimu ni za lazima, lakini tazama yaliyotokea hapa Tanzania.

Mwaka 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza mchezo wa redio ulioitwa Twende na Wakati, juu ya uzazi wa mpango na ugonjwa wa ukimwi. Wengi wa rika la kati bado wanamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori, na Tunu mkewe. Katika eneo la kituo cha Dodoma mchezo huo haukurushwa mpaka mwaka 1995, ili wachunguzi walinganishe. Everett Rogers na wenzake, pamoja na Mtanzania Ramadhan Swalehe, walionyesha kwamba mahali mchezo uliposikika watu wengi zaidi walizungumza na wenzi wao juu ya uzazi wa mpango na kuanza kuutumia, kuliko mahali ambapo haukusikika. Watu hao walikuwa wamekwisha kusikia matangazo ya afya kwa miaka. Kilichoongezeka ni kwamba walimwona Mkwaju akiharibu nyumba yake, wakaiona na nyumba ya jirani, na pengine na ya kwao.

Mwaka 2000 wataalamu wawili wa Marekani, Melanie Green na Timothy Brock, walichapa uchunguzi wao juu ya watu wanaosoma hadithi. Waliona kwamba msomaji aliyezama ndani ya hadithi huelekea kukubaliana na mafundisho yake, wala haoni upesi mahali penye kasoro. Tena haikuleta tofauti kubwa kama aliambiwa habari ile ni ya kweli au ni ya kubuni. Neno hili tulishike, maana tutalirudia.

Siku hizi kuna hata miwani inayoziba macho yote, na anayeivaa huona kama yuko mahali pengine. Katika Chuo Kikuu cha Stanford watu waliwekwa ndani ya msitu wa namna hiyo, wakaukata mti kwa msumeno na kuuona unaanguka. Uchunguzi uliochapwa mwaka 2014 ulisema kwamba baadaye watu hao walitumia karatasi chache, pungufu kwa asilimia kama 20, kuliko wenzao waliosoma tu maelezo ya kukatwa kwa mti. Sisi miwani hiyo hatunayo, wala hatuihitaji sana. Mzee anayejua kusimulia, usiku, mvua ikipiga bati, hufanya kazi ile ile.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 2023 Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitangaza mapema kwamba kungekuwa na El Niño, na kwamba mvua za vuli zingezidi wastani katika maeneo mengi. Tangazo lilikuwa la kweli. Hata hivyo tangazo la msimu haliwezi kumwambia mtu ni ubavu gani wa mlima utakaomeguka, wala hatusemi kwamba waliokufa walipuuza. Tunasema hivi: neno "kuzidi wastani" halina picha. Kazi ya kuligeuza liwe picha ya korongo linalopita nyuma ya nyumba yangu ni kazi ya msimuliaji, na msimuliaji huyo aweza kuwa mwalimu, mwinjilisti, mwenyekiti wa kitongoji au bibi.

3. HADITHI ZINAZOPOTOSHA

Tumesema kwamba aliyezama ndani ya hadithi haoni kasoro upesi. Basi hadithi ya uongo nayo huingia kwa mlango ule ule. Baada ya maafa huzuka masimulizi ya namna tatu, na yafaa tuyapime.

La kwanza husema: walikufa kwa sababu ya dhambi zao. Bwana Yesu alikwisha kulijibu. Watu walimletea habari za Wagalilaya waliouawa, naye akawakumbusha wale 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu. Akakana kwamba hao walikuwa wabaya kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu, kisha akawageukia wanaosikiliza, akawaita watubu wao wenyewe. Angalieni kwamba Bwana anafanya kama Nathani: anakigeuza kidole kutoka kwa wafu na kukielekeza kwa walio hai. Mama aliyempoteza mtoto wake Katesh au Gendabi akisikia Wakristo wakinong'ona juu ya dhambi yake, tumemuua mtoto huyo mara ya pili. Tena tumejidanganya kwamba sisi tuko salama.

La pili husema: mlima umeamka. Uvumi wa volkano ulienea siku zile, kwa kuwa Hanang ni mlima uliotokana na volkano ya zamani. Wataalamu wa serikali walichunguza, wakaeleza kwamba mlima haukulipuka. Sehemu yenye miamba dhaifu ilinyonya maji mengi ya mvua, ikashindwa kujishikilia, ikameguka na kuwa tope. Uvumi huu una hatari yake. Anayeogopa moto kutoka chini hataangalia maji kutoka juu.

La tatu husema: ni panga na shoka zetu tu. Hili lina chembe ya kweli, na kwa hiyo hupotosha kwa urahisi. Mizizi ya miti hushika udongo na kupunguza kasi ya maji, na kukata ovyo ni dhambi dhidi ya jirani anayekaa chini. Lakini mvua ikizidi kipimo, hata mteremko wenye miti waweza kumeguka. Tusimwambie aliyefiwa kwamba kuni alizopikia ndizo zilizoleta mlima. Tuseme yaliyojulikana, tusizidishe.

4. YALIYO KWELI JUU YA TABIANCHI

Basi kweli ni ipi? Kwa ufupi, makaa ya mawe na mafuta yanayochomwa viwandani, katika magari na katika mitambo ya umeme, pamoja na misitu inayofyekwa na kuchomwa, hutoa hewa ukaa. Hewa hiyo huizunguka dunia kama blanketi, na joto huongezeka. Kwa kila digrii moja ya joto, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia kama 7. Mvuke huo ukishuka, hushuka kwa kishindo. Mahali pengine na nyakati nyingine joto lile lile hukausha udongo na malisho upesi zaidi. Ndiyo maana mkulima mmoja wa Dongobesh aweza kulalamikia ukame na mafuriko katika miaka miwili inayofuatana, na asiwe amejipinga.

Mwaka 2023 El Niño ilikutana na joto la bahari ya Hindi upande wetu. Mambo hayo mawili yalikuwako tangu zamani, lakini sasa yanatokea katika dunia iliyopata joto zaidi. Wanasayansi waliochunguza mvua za Oktoba hadi Desemba 2023 katika sehemu za Kenya, Ethiopia na Somalia walikadiria kwamba joto lililoletwa na wanadamu liliongeza ukali wa mvua hizo, pengine hata mara mbili. Uchunguzi ule haukuhusu mlima wetu, kwa hiyo tusiseme kwamba tabianchi peke yake ndiyo iliyoumega Hanang. Twaweza kusema kwamba mvua za namna ile zinazidi kupewa nguvu, na kwamba miteremko yetu imo katika njia yake.

Tena kuna jambo la haki. Afrika yote hutoa chini ya asilimia 5 ya hewa ukaa inayotolewa duniani kila mwaka. Yule tajiri wa Nathani mwenye mifugo mingi yuko katika habari hii pia, na mwana-kondoo aliyechukuliwa ni wa Katesh. Kanisa lina haki ya kuisimulia habari hii kwa mataifa tajiri, bila matusi, mpaka wajione ndani yake. Lakini mtu anayesema "kosa ni lao" kisha akalima mpaka kwenye ukingo wa mto, huyo naye hajaisikia hadithi mpaka mwisho.

5. HADITHI IISHIE KWENYE KAZI

Huzuni bila kazi huzaa uchovu. Mtu akisimuliwa maafa kila siku asionyeshwe la kufanya, mwishowe huziba masikio. Kwa hiyo kila hadithi tunayosimulia juu ya jambo hili iwe na mlango wa kutokea.

Mifano haiko mbali. Katika Bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, Wahadzabe walipata mwaka 2011 hati ya kimila ya ardhi yao. Wakishirikiana na Carbon Tanzania wanalinda msitu kwa walinzi wao wenyewe, na fedha zinazotokana na hewa ukaa iliyohifadhiwa husaidia mambo ya kijiji kama elimu na matibabu. Watoto wa huko wanaposikia habari za tabianchi, wanazisikia kama habari ambayo baba zao wana sehemu ndani yake. Huko Kainam nako, wazee wa Wairaqw walilima miteremko mikali kwa vizazi vingi, wakigeuza majani chini ya udongo, wakitia samadi na kuyaongoza maji kwa matuta. Hiyo nayo ni hadithi, na vijana wengi hawajasimuliwa. Na msitu wa Nou unaotupa maji, ni wangapi kati yetu wamewaonyesha watoto wao kwamba maji ya ndoo yana kwao?

Basi, wapendwa, tunashauri kazi nne kwa parokia zetu.

Kwanza, vijana wawaendee wazee, Wairaqw na Wadatoga, wawaulize juu ya miaka ya njaa na miaka ya maji mengi: mto ulipita wapi, watu walikimbilia wapi, ni mahali gani palikatazwa kujengwa. Wayaandike katika daftari la kanisa, pamoja na mwaka na jina la korongo.

Pili, mtu aliyeokoka siku ile ya Hanang asilazimishwe kusimulia. Jeraha lake si chombo cha mafundisho yetu. Akitaka mwenyewe, apewe nafasi, asikatizwe, na mtu akae naye baadaye.

Tatu, kabla ya masika na kabla ya vuli, tangazo la Mamlaka ya Hali ya Hewa lisomwe kanisani baada ya ibada, na mzee wa kanisa alieleze kwa majina ya mahali petu: mvua ikinyesha usiku kucha, wa korongo hili waondoke waende huku, na nani atampeleka mjane asiyeweza kutembea.

Nne, miti ipandwe na kingo za mito ziachwe bila kulimwa, na kila kikundi kitaje eneo lake. Mti uliopandwa bila mtu wa kuumwagilia ni hadithi iliyokatizwa katikati.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Umesikia masimulizi gani juu ya maporomoko ya mwaka 2023? Yapime kwa Luka 13:1-5. Je, yanaelekeza kidole kwa nani?

2. Nathani alitumia mwana-kondoo kwa sababu Daudi alikuwa mchungaji. Kama ungetaka kumweleza jirani yako mkulima, au mfugaji, juu ya kubadilika kwa tabianchi, ungeanza na kitu gani anachokijua?

3. Tumeona kwamba hadithi ya uongo huingia moyoni kama ya kweli. Utafanyaje ili uwe na hakika ya habari kabla hujaisimulia, hasa ile iliyoletwa kwa simu?

4. Je, nyumba yako, shule ya watoto wako na kanisa lenu viko wapi ukilinganisha na njia ya maji? Kikundi kichore ramani ndogo ardhini au kwenye karatasi.

5. Ni kazi gani moja ambayo kikundi chenu kitaifanya kabla ya mvua zijazo? Mtajeni atakayeisimamia.

SALA

Ee Mungu Mwenyezi, uliyeiweka milima na kuyapa maji njia zake, uwafariji waliofiwa katika Hanang, na uwapumzishe kwa amani wale waliochukuliwa. Utuepushe na ulimi unaohukumu wafu, na sikio linalopenda uvumi. Utupe kusimulia yaliyo kweli kwa upendo, na kuyatenda tuliyoyasikia, ili watoto wetu wakae salama chini ya milima yako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.